Shauri la Neno Nyumbani

Njia ya kwenda Unyoofu sitaieleza. Walionitangulia wameieleza, na hakuna wawili waliokubaliana: mmoja hutaja milima, mwingine hutaja mito, na wa tatu aliniapia kuwa alifika akiwa usingizini. Mimi nilifika, yatosha. Ninayosimulia ni niliyoyakuta huko, nayo yanamhusu dada yangu Sikudhani kuliko yanavyonihusu mimi.

Sikudhani ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa bado wa kubebwa, naye alikuwa msichana aliyeanza juzi tu kujifunga kanga. Alinibeba mgongoni akichota maji, akanibeba akipika, hata majirani wakazoea kuniita Mfaume wa Sikudhani, kana kwamba yeye ndiye mzazi. Kisha akaja kwetu kijana mgeni, mpole, mpima ardhi aitwaye Zirabu, mtu wa Unyoofu. Walipendana, baba akaridhia, na Zirabu akaondoka naye. Tangu siku ile nyumba yetu ilipungua sauti. Baba yangu, Mzee Kigoda, hakulalamika hata mara moja. Miaka ikapita. Alipoanza kuugua, ndipo nilipomsikia akimwita. Mlango ukilia, anauliza, "Ni Sikudhani?" Nikimwambia ni upepo, anageukia ukutani. Siku moja akaniambia, "Mfaume, mfuate dada yako. Mwambie aje anione." Hakuongeza neno, nami sikungoja aongeze.

Kwenye lango la Unyoofu alikuwapo ofisa mmoja, mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole. Aliniuliza kilichonileta.

"Nimekuja kumwona dada yangu," nikasema.

"Ukishamwona utaondoka?"

"Nitazungumza naye kwanza."

"Basi hukuja kumwona. Umekuja kumwona na kuzungumza naye. Tafadhali, hapa tunasema kitu kilivyo." Akaniuliza nitafikia wapi. Nikamwambia nitakaa kwa shemeji yangu. Akaniangalia kwa huruma. "Kaa, hapa kwetu, ni yule wa pwani mwenye magando. Mtu huketi, au huishi, au hubaki. Chagua."

Hivyo ndivyo nilivyoijua sheria kuu ya nchi ile: kila neno lina maana moja, na maana hiyo huamuliwa na Baraza la Maana. Unyoofu haina bahari, wala hakuna kati yao aliyewahi kumwona kaa. Nilipouliza ilikuwaje neno likaangukia huko, ofisa alinieleza bila kutabasamu kwamba siku ya kura waliotetea maana ya kuketi walikuwa wameketi nyuma, hawakusikika. Paa lilibaki kuwa la nyumba. Yule wa porini aliitwa mnyama mbio, na watoto hawakumjua kwa jina jingine. Panda ilipewa njia mbili zinapoachana, kwa hiyo mkulima wa Unyoofu hutia mbegu ardhini, na anayetaka embe huenda juu ya mti kwa mikono na miguu. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona ofisa anavyoyasema, kama mtu anayemwonyesha mgeni kaburi la jamaa yake, nikanyamaza.

"Dada yako anaitwa nani?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina lake."

Akatikisa kichwa. Katika Unyoofu jina la mtu haliruhusiwi kuwa pia neno, seuze sentensi nzima. Dada yangu, alipofika pale, alipewa jina la Mandeku, ambalo halina maana yoyote, na kwa jina hilo ndipo nilipoelekezwa kwake.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na vigelegele, lakini alisimama tu akinitazama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi zilikuwa zimeanza pembeni. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma, "Unaruhusiwa kuingia." Nilipovuka kizingiti alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanivuta begani kwake, na hapo nikajua kuwa alikuwa na maneno mengine, ila alikuwa ameshayaacha mahali.

Shemeji Zirabu alikuja mchana. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Maana sasa, mtu wa kuheshimiwa, lakini upole wake ulikuwa ule ule. Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Hawakujaliwa watoto, nyumba ilikuwa safi mno, kila kitu mahali pake. Tulipokwisha kula nilimuuliza kwa adabu, "Shemeji, sheria hii mliitoa wapi?"

Hakukasirika. "Zamani sisi tulikuwa tunasema kama ninyi," akasema. "Mwaka wa mafuriko, watu wa bondeni walituma mtu kwa watu wa juu kuuliza, 'Mafuriko bado?' Watu wa juu wakajibu, 'Bado.' Wao walikuwa na maana kwamba maji hayajaisha, yangali yanakuja. Watu wa bondeni wakaelewa kwamba hayajafika. Wakarudi mashambani. Babu zangu wote wawili walikuwa shambani siku ile, Mfaume. Mama yangu alikua bila kumjua baba yake, kwa sababu ya neno moja." Akatazama mikono yake. "Mnatucheka mkitusikia. Najua. Lakini tangu hapo hajafa mtu kwa neno."

Nikawaeleza kilichonileta. Nilipofika kwenye maneno ya baba, dada yangu aliinuka, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

"Nitakwenda," akasema.

"Itabidi uombe kwa Baraza," akasema Zirabu, na niliona uso wake umebadilika rangi, ila sikujua sababu.

Raia wa Unyoofu huruhusiwa kutoka kwa mambo matatu tu: biashara, mazishi, na kurudi nyumbani. Kwenda kumtazama mgonjwa si mojawapo, kwa kuwa Baraza liliona zamani kwamba asiye tabibu hamwongezei mgonjwa kitu kwa kumtazama. Wajumbe wenyewe hawatoki kabisa. Inahofiwa kwamba anayejua maana zote akichanganyika na watu wa nje atarudi na nyingine.

Tulikwenda asubuhi. Ukumbi wa Baraza ni mkubwa, mweupe, hauna pambo. Mwenyekiti alikuwa mzee aitwaye Lumendo, mwenye kusikiliza akiwa amefumba macho. Zirabu aliketi na wajumbe wenzake. Dada yangu alisimama katikati, nami nyuma yake.

"Naomba ruhusa ya kwenda nyumbani," akasema dada. "Baba yangu ni mgonjwa."

"Jana ulilala wapi?" akauliza Lumendo.

"Kwa mume wangu."

"Kuna kuta?"

"Zipo."

"Kuna paa?"

"Lipo."

"Kuna mlango?"

"Upo, mheshimiwa."

"Basi huko ndiko nyumbani. Nyumbani ni ndani ya jengo lenye kuta, paa na mlango, ambamo mtu hulala katika Unyoofu. Umetoka huko asubuhi, na mchana utarudi. Baraza haliwezi kumruhusu mtu kwenda anakoishi." Alisema bila ukali wowote. "Au unakwenda kwa mazishi? Baba yako amekufa?"

"Bado," akasema dada yangu.

Mjumbe mmoja mwanamke aliziba mdomo wake. Neno lile halikuwa limepewa maana yoyote katika nchi ile. Lilikuwa limefutwa lote, na wengi mle ndani hawakuwa wamelisikia tangu wazaliwe.

"Hajafa," akasema Lumendo, akifumbua macho. "Unaweza kusema hajafa."

"Hajafa," akasema dada.

"Akifa, njoo. Ruhusa ya mazishi hutolewa siku hiyo hiyo."

Yule mjumbe mwanamke akainua mkono. Aliomba iandikwe kwamba yeye, kwa upande wake, alikuwa na mashaka na maana ya nyumbani, kwa sababu kuna siku akiwa jikoni kwake husikia moyo wake ukitaka kwenda nyumbani, na akigeuka huku na huku hajui ni wapi. Mjumbe mzee karibu naye akasema nyumbani ni kilipozikwa kitovu. Mwingine akasema hapana, ni alipo mke wake, na mke wake alikuwa amezikwa mwaka juzi, kwa hiyo yeye nyumbani kwake sasa ni makaburini. Yule wa kitovu akaanza kutokwa machozi. Lumendo akagonga meza.

"Mnaona," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza. Vikao vizima tulilijadili neno hili. Kila mjumbe alikuwa na nyumbani kwake, na kila aliyetaja kwake alilia, kazi ikasimama. Tungekuwa tunalia hata leo, kama kijana mmoja karani wa vipimo asingesimama akatuletea maana iliyokauka, isiyomliza mtu. Kuta, paa, mlango. Tulimshukuru, tukamfanya mjumbe." Akamwelekea Zirabu. "Mwenzetu huyu ndiye aliyetuokoa. Mkewe asidhani kwamba hatujui uzito wa neno."

Dada yangu hakuwa anajua. Niliona shingo yake inavyogeuka, polepole, mpaka akamtazama mumewe. Wajumbe nao wakamtazama.

"Lini?" akamuuliza.

Zirabu alisimama. "Mwaka ule wa kwanza."

"Mwaka ule nilikuwa nalia kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakwambia nataka kwenda nyumbani. Nikikwambia hivyo unanishika mkono, unanyamaza, unakwenda kazini. Kumbe ulikuwa unakwenda kutunga sheria, Zirabu?"

Alijibu kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ule hauna pambo la kuzuia sauti. "Sikuwa na uwezo wa kukurudisha, na sikuwa na uwezo wa kuishi bila wewe. Nilitaka uwe umeshafika."

Lumendo alitangaza kuwa ombi limekataliwa, na kikao kikafungwa.

Siku ile nyumba ilikuwa na watu watatu wasiosemeshana. Dada alipika kwa sababu ni desturi yake kupika. Akapakua, akaenda chumbani. Zirabu hakugusa chakula. Aliketi kwenye kiti akizitazama kuta, na mara nyingine dari, kama mpima aliyerudi kwenye kiwanja alichokipima vibaya ujanani. Nami nilimfikiria baba amelala, mlango unalia, ananyanyua kichwa. Nilitamani kumchukia shemeji yangu, na ningefaulu kama asingekuwa amenikumbusha baba mwenyewe, jinsi anavyogeukia ukutani.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa misumari inayong'olewa. Nilitoka nje nikamkuta Zirabu juu ya nyumba, amevua shati, anang'oa mabati. Mengine alikuwa ameshayashusha, yameegeshwa ukutani kwa mpangilio.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Ninaondoa paa," akasema. Hata pale alisema kitu kilivyo.

Dada alitoka, kanga yake begani, akasimama pembeni yangu. Alitazama juu kwa muda. Jua lilikuwa limeanza kuingia ndani ya nyumba, kwenye kitanda, kwenye meza, kwenye vyungu vyake, mahali ambapo halikuwahi kufika. Majirani wakajikusanya. Hakuna aliyeuliza, walikuwa wameielewa sheria yao vizuri kuliko mimi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kitambi, akavua viatu, akaweka ngazi upande wa pili, akaanza kung'oa naye. Kisha akaja mwingine. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameondoa hata mbao.

Lumendo alikuja mwenyewe. Aliingia mlangoni, akasimama katikati ya chumba, akainua uso. Juu yake palikuwa na mbingu tupu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko shughuli ile ilivyohitaji, na sikuweza kujua anafikiri nini.

"Hii si nyumba," akasema alipotoka. "Ni ua. Mama huyu hana nyumbani katika Unyoofu. Asiye na nyumbani hapa, na akapatikana na nyumbani pengine, hana budi kurudi huko. Aondoke kabla ya jua kutua." Akampita Zirabu, kisha akarudi hatua moja. "Umetupatia kazi kubwa," akamwambia. "Itabidi tulijadili neno hili upya." Nilidhani anamkemea. Lakini alimgusa bega.

Dada yangu alifunga vitu vyake kwenye kanga. Waliagana mlangoni, mlango wa ile nyumba isiyo nyumba, nami nilisogea mbali ila si mbali vya kutosha.

"Utalala wapi?" dada akamuuliza.

"Hapa hapa."

"Nimekukasirikia, Zirabu."

"Najua."

"Sijui hasira hii itaisha lini."

"Usiipangie siku," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa Unyoofu akikubali jambo liachwe bila kuamuliwa. Akamfungia vizuri lile fundo la kanga, ambalo lilikuwa limelegea, akarudi ndani.

Tulimkuta baba yu hai. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mwembamba, macho yameingia ndani. Mlango ulipolia alinyanyua kichwa kama kawaida, na safari hii haukuwa upepo.

"Sikudhani," akasema.

Dada yangu alikuwa hajaitwa jina lake kwa miaka ile yote. Alipiga magoti pale mlangoni, akashindwa kusogea.

"Umekula njiani?" baba akamuuliza.

"Sijala, baba."

"Mfaume, mpe dada yako chakula. Hajala."

Baba aliishi nasi kipindi chote cha kiangazi. Sikudhani alimuuguza kama alivyonilea mimi, bila haraka, akimwogesha, akimlisha uji kwa kijiko, akimsimulia mambo ya Unyoofu mpaka mzee anacheka na kukohoa. Nyumba ilirudiwa na sauti. Nilimsikia dada akiyarejea maneno yake moja moja. Siku moja alimwambia jirani aliyepiga hodi, "Karibu, karibu," na akarudia tena na tena, hata jirani akaona haya. Nilidhani mambo yote yamerudi mahali pake. Baba alifariki mchana mmoja, mkono wake umo ndani ya mkono wa dada, na uso wake haukuelekea ukutani.

Tulimzika. Wageni walikuja, wakaondoka. Baada ya arobaini dada alibaki, nami nikafurahi kimyakimya, nikatengeneza jiko, nikapaka chokaa chumba chake. Lakini nilianza kumkuta amesimama mahali bila kazi. Akiwa jikoni anasimama na mwiko mkononi. Akiwa uani anasimama na ufagio. Nikimwita anashtuka, anatabasamu, anaendelea. Nilimuuliza kama ana huzuni ya baba. Akasema, "Ya baba naijua, Mfaume. Hii ni nyingine." Sikumuuliza zaidi, kwa sababu niliogopa jibu. Nami pia, tangu baba alipoondoka, nilikuwa nikirudi jioni nikiona nyumba ile ile, kuta zile zile, na bado kuna kitu nakitafuta ndani yake nisichokipata. Nilifikiri dada akibaki nitakipata.

Masika ilianza mapema mwaka ule. Tulikuwa tumeketi barazani tunachambua kunde, wingu likaja na mvua ikaanguka kwa kishindo, juu ya makuti, juu ya migomba, juu ya kaburi jipya. Nilisogeza ungo usilowe. Nilipogeuka, dada yangu alikuwa ameinuka. Alitazama juu, kwenye makuti ya baraza ambayo hayakuwa yanavuja hata tone. Kisha akatazama upande wa Unyoofu, tulikotoka, na mkono wake ukapanda polepole mpaka mdomoni.

Asubuhi nilimkuta ameshajifunga kanga, amesimama chini ya mnazi wa baba ambako tuliweka makuti ya akiba, anayahesabu kwa macho, anachagua mazuri.

"Dada," nikamwambia, "unakwenda wapi na mvua hii?"

"Nakwenda kuezeka," akasema.

Kisha nikaingia ndani kutafuta kamba nzuri, kwa sababu makuti yalikuwa mengi, na alikuwa ameanza kuyafunga kwa kanga.